Krauni Isiyofanana na Jino Jirani: Kosa Haliko Machoni Pekee

Krauni ya jino la mbele, yaani kofia bandia inayovalishwa jino lililochongwa, inaporudi kutoka maabara ikiwa nyeupe kupita meno ya jirani, au ikiwa na ujivujivu ambao meno hayo hayana, mabishano huanza papo hapo. Daktari humlaumu fundi sanifu wa maabara, fundi hujibu kwamba ametengeneza kile alichoandikiwa, na mgonjwa, ambaye ndiye atakayeishi na jino hilo, huondoka akiamini kwamba daktari wake hana jicho zuri. Imani hii ya jicho zuri imeenea hata miongoni mwa wataalamu wenyewe: husemwa kwamba wapo waliojaliwa kipaji cha kutambua rangi na wapo walionyimwa, na kwamba miaka mingi ya kazi huziba pengo lililobaki. Kwa maoni yangu, imani hiyo ndiyo inayotuchelewesha. Sehemu kubwa ya makosa ya rangi huzaliwa katika mambo ambayo daktari yeyote anaweza kuyapanga kabla mgonjwa hajakaa kitini, yaani wakati wa kuchagua rangi, mwanga wa chumba, unyevu wa jino, na namna taarifa inavyomfikia mtu atakayetengeneza jino bila kumwona mwenye kinywa.

Inafaa kuanza na jino lenyewe, kwa sababu ndilo chanzo cha ugumu. Jino halina rangi moja. Tabaka lake la nje, enameli, hupitisha sehemu ya mwanga; chini yake kuna dentini yenye umanjano, na hiyo ndiyo inayolipa jino sehemu kubwa ya rangi tunayoiona. Karibu na ufizi enameli ni nyembamba, kwa hiyo umanjano wa dentini hujitokeza zaidi. Kwenye ncha ya kung'atia dentini ni kidogo au haipo kabisa, kwa hiyo ncha huonekana angavu, wakati mwingine yenye ubuluu au ujivu. Chonge huwa na rangi iliyokolea kuliko meno ya mbele yaliyo kati yake. Umri unapoongezeka, enameli hulika, dentini huongezeka unene, na jino huzidi kuwa la njano. Anayeandika kwamba jino ni A2, yaani jina la rangi moja kwenye kibao cha vielelezo, bila neno jingine, ameandika wastani wa kitu ambacho hakina wastani, na fundi akiufuata wastani huo kwa uaminifu atatengeneza jino litakalojitenga na wenzake hata kama hakuna aliyekosea.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Albert Munsell alipendekeza rangi ielezwe kwa vipimo vitatu: rangi ya msingi, kwa mfano njano au nyekundu, uangavu, yaani iko karibu na weupe au karibu na weusi, na ukolevu, yaani imekolea au imefifia kiasi gani. Mwaka 1931 daktari wa meno Mmarekani, E. Bruce Clark, aliyaeleza meno ya binadamu kwa vipimo hivyo vitatu na kuona kwamba wenzake hawajafundishwa kuvitumia. Katika meno, kipimo kinachobeba uzito mkubwa ni uangavu. Rangi za msingi za meno ya asili zimo katika eneo dogo sana, kati ya njano na njano yenye wekundu, na tofauti ndogo za hapo watu wengi hawazioni. Tofauti ya uangavu, kinyume chake, huonekana na mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Jino lililokosewa kidogo katika rangi ya msingi lakini likapata uangavu sahihi hupita bila kutambuliwa. Lililopata rangi ya msingi na kukosa uangavu humsumbua mwenye nalo kila anapocheka.

Sasa tazama kifaa ambacho kliniki nyingi hutumia. Kibao cha vielelezo vya rangi kilichoenea zaidi duniani, cha kampuni ya VITA ya mji wa Bad Säckingen nchini Ujerumani, kilianza kuuzwa mwaka 1956. Kina vipande 16 vyenye umbo la jino, vilivyogawanywa kwa herufi: A ni kundi la wekundu wenye ukahawia, B la wekundu wenye umanjano, C la ujivu, na D la wekundu wenye ujivu. Mpangilio huo humfanya daktari aanze na swali la kundi la rangi ya msingi, yaani swali ambalo jicho lake hulijibu vibaya kuliko yote, kisha amalizie na uangavu, ambao ungepaswa kutangulia. Vipande hivyo hivyo vinaweza kupangwa upya kwa kufuata uangavu, kuanzia B1, A1, B2, D2 na A2 hadi kufikia A4 na C4 mwishoni. Kazi hiyo ni ya dakika chache na haina gharama yoyote. Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ilitoa kibao kingine, 3D-Master, ambacho kinaanza na uangavu, kinafuata na ukolevu, na kumalizia na rangi ya msingi. Hata hivyo kibao cha zamani, katika mpangilio wake wa zamani, bado ndicho kinachokaa kwenye droo nyingi, na sioni sababu nyingine zaidi ya mazoea.

Kuna jambo jingine kuhusu vielelezo ambalo mgonjwa hawezi kulijua na ambalo daktari hulisahau. Kipande cha kielelezo kina unene wa milimita kadhaa na hakina chuma nyuma yake. Krauni ya kauri iliyojengwa juu ya chuma humpa fundi milimita moja na kidogo tu, na sehemu ya nafasi hiyo huliwa na tabaka zito la kuficha weusi wa chuma. Daktari akilichonga jino kidogo mno kwa woga, fundi hukosa nafasi ya kauri inayopitisha mwanga, na tabaka lile la kuficha chuma hujitokeza kama weupe usio na uhai. Katika kauri za kisasa zisizo na chuma tatizo hugeuka: baadhi yake hupitisha mwanga mwingi kiasi kwamba kisiki cha jino kilichopo chini, hasa cha jino lililotibiwa mzizi na kuwa jeusi, huonekana kupitia krauni. Rangi ya kisiki, basi, ni sehemu ya rangi ya krauni, na gundi inayotumika kuibandika pia ina mchango wake. Ni wachache wanaoiandika rangi ya kisiki kwenye fomu ya maabara.

Nirudi kwenye mwanga, kwa sababu hapa ndipo mazingira yetu yanapotofautiana zaidi na vitabu tunavyosomea. Ushauri wa zamani wa vitabu vya Ulaya na Marekani ni kumsogeza mgonjwa kwenye dirisha linaloelekea kaskazini, kwa sababu katika nchi hizo jua hupita upande wa kusini na mwanga wa kaskazini hutoka angani bila miale ya moja kwa moja. Ushauri huo ukiletwa Afrika Mashariki bila kufikiriwa, unageuka kuwa kosa. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba. Dirisha la kaskazini la kliniki ya Dar es Salaam hukabiliwa na jua kwa zaidi ya nusu ya mwaka, na Nairobi, iliyo karibu zaidi na ikweta, hugawana mwaka karibu sawa kati ya pande mbili. Kanuni inayotufaa sisi haitaji upande wa dira. Inataka mwanga wa anga ambao haukuguswa na mwale wa jua, katikati ya mchana, tuseme kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, penye kivuli cha paa au baraza.

Hata hapo pana tahadhari. Rangi ya mwanga wa mchana haitulii. Anga lenye mawingu hutoa mwanga wa takriban kelvini 6,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga); anga la bluu tupu huweza kupita kelvini 10,000, yaani mwanga wenye ubuluu mwingi; na jua linapokaribia kuzama mwanga hushuka chini ya kelvini 3,000 na kila kitu huvaa umanjano. Mgonjwa wa saa mbili asubuhi na mgonjwa wa saa kumi na moja jioni hawachaguliwi rangi katika dunia moja. Kisha kuna vitu vinavyorudisha mwanga. Mwembe ulio nje ya dirisha huleta ukijani ndani ya chumba. Uwanja wa udongo mwekundu huleta wekundu kutoka chini, nao hugonga meno kwa pembe ambayo taa haiifikii. Kuta za vituo vingi vya afya zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani au bluu hadi usawa wa kifua, kwa sababu nzuri ya kusafishika kirahisi, lakini usawa huo ndio usawa wa uso wa mgonjwa aliyekaa kitini. Kuta za kijivu hafifu au nyeupe iliyofifia zingefaa zaidi katika chumba kinachotumika kuchagulia rangi, na kupaka upya chumba kimoja si mradi wa kusubiri wafadhili.

Kwa kuwa mwanga wa asili hautabiriki, taa maalumu ndiyo jibu la kuaminika zaidi. Inayohitajika ni taa yenye mwanga wa kelvini kati ya 5,000 na 6,500, na yenye uwezo wa kuonyesha rangi kwa uaminifu wa kiwango cha 90 au zaidi kati ya 100. Taa nyingi za bei nafuu zinazouzwa madukani ni nyeupe machoni, lakini wigo wa mwanga wake una mapengo, hasa upande wa wekundu, na rangi iliyopo kwenye pengo hilo haionekani hata kama mwanga ni mwingi. Taa ya kiti cha matibabu nayo, iliyobuniwa kumulika tundu la jino, ina nguvu kupita kiasi kwa kazi hii; ikiwashwa, huosha tofauti ndogo zote na meno yote huonekana meupe. Ni lazima izimwe wakati wa kuchagua rangi, pamoja na taa ya kwenye miwani ya daktari. Kuna taa ndogo za mkononi zinazochajiwa, zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa, nazo zina faida ya ziada kwetu: hazitetereki umeme unapokatika katikati ya kazi.

Mwanga ndio pia unaoeleza lile lalamiko la kawaida kwamba krauni ilionekana sawa kliniki na ikawa tofauti nyumbani. Kauri na jino la asili ni vitu viwili tofauti, na vinaweza kurudisha mwanga kwa namna inayolingana chini ya taa moja na kutengana chini ya taa nyingine. Mgonjwa anayesema hivyo hajabadilisha mawazo. Anaripoti alichokiona kweli kwenye baraza lake. Dawa yake ni kuilinganisha rangi chini ya aina mbili za mwanga angalau, kabla krauni haijabandikwa.

Sababu ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote, lakini isiyopewa heshima yake, ni ukavu wa jino. Enameli imejengwa kwa prizimu ndogo ndogo zenye maji kidogo kati yake. Enameli hupinda mwanga kwa kipimo cha takriban 1.62, maji 1.33, na hewa 1.0. Maji yanapoondoka na hewa kuchukua nafasi yake, tofauti kati ya prizimu na kilicho pembeni yake huongezeka, mwanga hutawanyika zaidi ndani ya enameli, na jino huonekana jeupe na lisilopitisha mwanga. Badiliko hilo huanza ndani ya dakika chache tu za kinywa kuwa wazi, na jino huweza kuhitaji zaidi ya nusu saa, wakati mwingine saa kadhaa, ili kurudi katika rangi yake.

Fuatilia sasa mpangilio wa kawaida wa miadi. Mgonjwa anachomwa sindano ya ganzi na kuanza kupumua kwa mdomo. Pamba zinawekwa pande zote mbili, bomba la kufyonza mate linaning'inia kwenye kona ya mdomo, na jino linachongwa kwa muda mrefu. Vipimo vya umbo vinachukuliwa. Mwishoni kabisa, wakati mgonjwa anataka kwenda nyumbani na anayefuata ameshaanza kuchungulia mlangoni, msaidizi anakileta kibao cha vielelezo. Meno ya jirani yamekauka na kuwa meupe, na kielelezo kinachofanana nayo wakati huo ni cheupe pia. Jicho la daktari halijakosea hata kidogo. Limesoma kwa usahihi rangi ambayo kesho asubuhi haitakuwapo. Krauni ikirudi baada ya wiki mbili, mate yameshayarudisha meno ya jirani katika hali yake, na hapo lawama huelekezwa maabara.

Marekebisho ni kubadilisha mpangilio tu. Rangi ichaguliwe kwanza, kabla ya sindano, kabla ya pamba, jino likiwa na unyevu wake wa kawaida. Kabla ya hapo meno yasafishwe, kwa sababu madoa ya tambuu, kahawa na sigara yaliyo juu ya jino si rangi ya jino, na krauni iliyochaguliwa kulingana na madoa itabaki peke yake siku mgonjwa atakapoyasafisha. Mgonjwa aliyeng'arisha meno kwa dawa asubiri takriban wiki mbili kabla rangi haijachaguliwa, kwa kuwa weupe wa siku za mwanzo hushuka. Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayodai kifaa.

Jicho nalo lina mipaka yake, ingawa nimeliweka nyuma kwa makusudi. Chembe za jicho zinazotambua rangi huchoka upesi, na baada ya sekunde tano hadi saba za kukodolea macho jino moja, uamuzi huanza kuharibika. Uamuzi wa kwanza mara nyingi ndio bora. Ulikuwapo ushauri wa kupumzisha macho kwa kutazama kadi ya bluu, lakini bluu hulifanya jicho liuone umanjano kupita kiasi, na kadi ya kijivu ndiyo inayopendekezwa sasa. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha Gobelins mjini Paris, alieleza mwaka 1839 kwamba rangi huonekana tofauti kutegemea iliyo karibu nayo. Katika kliniki zetu, iliyo karibu ni rangi ya mdomo, kitenge, mtandio wa waridi, au kitambaa cha bluu cha kifuani ambacho kliniki yenyewe imemvalisha mgonjwa. Kumwomba mama afute rangi ya mdomo na kumfunika kitambaa cha kijivu kuanzia shingoni ni adabu ya kazi, na mgonjwa akielezwa sababu hukubali bila shida.

Upofu wa rangi upo pia kati ya madaktari. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya huwapata takriban 8 katika kila 100, na kwa wanawake wao chini ya 1. Kwa Waafrika kiwango huwa chini zaidi, lakini si sifuri. Kipimo cha Mjapani Shinobu Ishihara, kilichotolewa mwaka 1917, huchukua dakika chache, na kingepaswa kufanywa kwa kila mwanafunzi wa udaktari wa meno mwaka wake wa kwanza, kwa lengo la kumwelekeza na wala si kumfukuza. Daktari anayejua upungufu wake humwita muuguzi au fundi athibitishe rangi, na kazi yake huwa salama kuliko ya yule asiyejua. Umri nao huifanya lenzi ya jicho iwe ya njano, hivyo daktari mzee huuona umanjano na ubuluu tofauti na alivyouona ujanani.

Kuhusu uzoefu, tafiti hazikubaliani. Zipo zilizoona tofauti kati ya wanafunzi na wataalamu, na zipo ambazo hazikuiona. Matokeo hayo hayanishangazi. Uzoefu hufundisha pale tu ambapo mtu huona matokeo ya uamuzi wake. Daktari anayechagua rangi chini ya taa fulani, kisha akaikagua krauni chini ya taa ile ile, na mgonjwa aliyekauka kinywa kama mara ya kwanza, hupata uthibitisho wa kosa lake mwenyewe, na anaweza kuurudia mwaka hadi mwaka akiuita ujuzi. Mazoezi yaliyopangwa, ambapo mtu huchagua kielelezo na kuambiwa jibu, huboresha uwezo huo, na yanaweza kufanywa darasani bila mgonjwa.

Wapo wanaosema kwamba mjadala wote huu umepitwa na wakati kwa sababu kuna spektrofotomita, mashine ya kupima rangi. Hoja yao ina uzito. Mwaka 2002 watafiti wa Zürich, Uswisi, walichapisha matokeo ya wataalamu watatu waliochagua rangi za meno ya wagonjwa 30: kwa macho, wote watatu walikubaliana katika asilimia 26.6 tu ya wagonjwa. Kwa spektrofotomita walikubaliana katika asilimia 83.3. Tofauti hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini kukubaliana ni jambo moja na kuwa sahihi ni jambo jingine, na mashine nayo hutegemea mazingira. Kifaa chenye mdomo mdogo unaogusa jino hupoteza sehemu ya mwanga unaotoroka pembeni kupitia enameli; hupima eneo dogo la katikati wakati tatizo liko kwenye ncha; na jino lililokauka hulipima likiwa limekauka, kwa usahihi mkubwa. Kifaa hakimwambii daktari kwamba amechelewa.

Zaidi ya hayo, utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba nusu ya watazamaji huanza kuiona tofauti ya rangi inapofikia takriban 1.2 katika CIELAB, mfumo unaoieleza tofauti ya rangi kwa namba, lakini hadi ifike takriban 2.7 ndipo nusu yao huikataa. Kati ya kuona na kukataa pana nafasi, na nafasi hiyo huamuliwa na mgonjwa. Mashine haina kauli hapo. Kwa kliniki yenye fedha kidogo, ningeshauri taa sahihi, kadi ya kijivu na mpangilio mpya wa miadi vitangulie, na mashine ifuate baadaye. Aliyenunua mashine na kuendelea kuchagua rangi mwisho wa miadi amenunua namba tu.

Wagonjwa wengi wa kwetu, kwa kweli, hawafiki kwenye krauni. Jino la mbele lililovunjika huzibwa siku hiyo hiyo kwa kompositi, yaani ujazio wa plastiki wenye rangi ya jino. Huko kibao cha vielelezo husaidia hata kidogo zaidi, kwa sababu kompositi iliyoandikwa A2 na kampuni moja haifanani lazima na A2 ya kampuni nyingine, na rangi hubadilika inapogandishwa kwa mwanga. Njia ya kuaminika ni kuweka tone la kompositi yenyewe juu ya jino lenye unyevu, bila kulitayarisha kwa gundi, kuligandisha, kulitazama, kisha kulibandua. Gharama yake ni tone hilo moja.

Kwa krauni, rangi iliyochaguliwa vizuri bado inapaswa kusafiri. Maabara mara nyingi iko mji mwingine, na fundi hamwoni mgonjwa. Fomu yenye herufi moja na namba moja humlazimisha kubuni mengine yote. Mchoro mdogo wa jino uliogawanywa sehemu tatu, ya ufizini, ya kati na ya ncha, pamoja na rangi ya kisiki, humpa fundi kitu cha kufanyia kazi. Picha huongeza zaidi, ikiwa imepigwa kwa uangalifu: kielelezo kishikwe ncha kwa ncha na jino, katika usawa mmoja nalo, maandishi yake yakisomeka, kadi ya kijivu ikiwa kando, bila mmweko wa kamera. Simu hujirekebishia rangi yenyewe, na WhatsApp huipunguza picha isipotumwa kama faili kamili, lakini picha yenye kielelezo ndani yake humwezesha fundi kulinganisha jino na kipande anachokishika mkononi, na ulinganisho huo una thamani kuliko rangi inayoonekana kwenye kioo cha simu. Sharti ni kwamba kibao cha fundi kiwe cha aina ile ile na cha daktari. Pale kliniki na maabara zilipo katika mji mmoja, sioni kwa nini mgonjwa wa jino la mbele asitumwe maabara kwa nusu saa akaonekane na mtu atakayelitengeneza.

Limebaki suala ambalo vielelezo vya Ujerumani haviligusi kabisa. Katika ukanda wa Bonde la Ufa, kuanzia maeneo ya Arusha na Kilimanjaro hadi Nakuru na Naivasha nchini Kenya, maji ya asili yana floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na kwa muda mrefu Tanzania ilivumilia hadi 8 kwa maji ya vijijini kwa sababu vyanzo mbadala havikuwapo. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka huota meno yenye mabaka meupe kama chaki, michirizi, na mara nyingi rangi ya kahawia. Hakuna kipande hata kimoja kati ya vile 16 kinachofanana na jino la namna hiyo. Daktari wa Arumeru anayetafuta kielelezo kinachokaribiana anafanya kazi kwa kifaa ambacho hakikuwafikiria wagonjwa wake.

Njia mbili zipo, na kila moja ina gharama yake. Fundi anaweza kunakili mabaka na ukahawia kwenye krauni, kazi ya ustadi inayohitaji picha nzuri na muda. Au meno ya jirani yanaweza kutibiwa kwanza ili kupunguza ukahawia, ndipo krauni ifuate rangi mpya. Mgonjwa ndiye anayepaswa kuchagua, baada ya kuelezwa, kwa sababu wapo wanaotaka jino lifanane na meno waliyokua nayo na wapo wanaotamani kuachana nayo. Kinachotokea sasa mara nyingi ni njia ya tatu, ambayo hakuna aliyeichagua: krauni nyeupe safi katikati ya meno ya kahawia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo kwenye kibao. Vyuo vyetu vinavyofundisha udaktari wa meno, Muhimbili, Nairobi na Makerere, vina uwezo wa kukusanya picha na vipimo vya meno ya watu wa ukanda huu na kuwapa mafundi vielelezo vya ziada vya kufanyia mazoezi.

Hatua ya mwisho ni ya kabla ya gundi. Krauni ijaribiwe kinywani ikiwa haijabandikwa, jino la jirani likiwa na unyevu, na mgonjwa apewe kioo mkononi, ajitazame chini ya taa ya kliniki na kisha barazani, peke yake au na mtu aliyemsindikiza, bila kuharakishwa. Akikataa, krauni irudi maabara. Nani alipe kurudia huko ndilo swali linaloleta ugomvi, na leo mzigo humwangukia yule asiyeweza kukataa, ambaye ni fundi au mgonjwa. Fomu ya kuagizia krauni ikiongezewa mistari mitatu, wa saa ambayo rangi ilichaguliwa, wa aina ya mwanga, na wa kuonyesha kama ilikuwa kabla au baada ya jino kuchongwa, kliniki na maabara zitakuwa na mahali pa kuanzia zinapotafuta kosa lilipotokea, na mgonjwa hatalipia uzembe asioujua.